Karatasi inasema niliuza hisa zangu Ijumaa ile

Dada Wakili, shikamoo.

Mimi ni mjane wa miaka 41, naishi Mafinga. Marehemu mume wangu na rafiki yake walifungua kampuni ya mbao mwaka 2009. Hisa zilikuwa 100: mume wangu 50, rafiki yake 30, mimi 20. Mume wangu aliniingiza kwa sababu alisema hataki niwe mke wa kuachiwa hela ya mboga asubuhi. Tulianza na dingdong moja ya kukodi, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao. Leo kuna mashine tatu, malori mawili na vijana 14.

Huyo rafiki nitamwita Mbia. Watoto wangu wanamwita baba mdogo. Mume wangu alipofariki tarehe 3 Julai 2021, Mbia ndiye aliyelipia jeneza, na kila Januari alileta ada za watoto bila kukumbushwa. Ofisini sikuwa nakwenda, nilikuwa na mtoto mchanga. Kipindi cha msiba alikuwa ananiletea karatasi, anasema hizi za benki, hizi za TRA. Nilizisaini nikiwa nimekaa mkekani. Nyingine zilikuwa hazijaandikwa kitu. Sikushangaa, kwa sababu hata marehemu alikuwa na tabia ya kuacha karatasi za kampuni zimesainiwa kwenye droo akisafiri, kazi isisimame.

Januari mwaka huu ada haikuja. Februari nikaenda benki kuomba taarifa ya akaunti. Yule dada wa dirishani aliangalia kompyuta, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Mama, jina lako halipo tena hapa."

Mpwa wangu akanisaidia kupata nakala kutoka BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni. Kuna muhtasari wa kikao cha Ijumaa tarehe 12 Machi 2021, kimefanyika Dar es Salaam, tumehudhuria watatu: mume wangu, Mbia na mimi. Unasema "kwa hiari yangu" nimemuuzia Mbia hisa zangu zote 20 kwa shilingi milioni 20, nimezipokea taslimu, na nimejiuzulu ukurugenzi. Umepelekwa BRELA Oktoba 2024. Jina langu kamili lipo, namba yangu ya NIDA ipo na haina kosa. Na saini, dada, ndiyo inayoninyima usingizi. Inafanana na yangu. Hata ile S yenye mkia.

Dar sikukanyaga mwaka ule. Nakumbuka vizuri, kwa sababu Jumatano iliyofuata ndiyo Rais Magufuli alifariki, na wiki ile tulikuwa tunapakia mbao usiku na mchana. Mume wangu aliandika kila lori kwenye kaunta buku lake, na Mbia alikuwa anasaini pembeni. Nimempigia Mbia, akanijibu kwa upole, "Shemeji, ulisaini mwenyewe. Majonzi yamekusahaulisha."

Mirathi hatujafungua. Marehemu alikuwa na kijana wa nje, sasa ana miaka 19, ukoo haukuelewana jinsi ya kumweka. Mimi nilikuwa sina nguvu ya kubishana. Hata kitambulisho cha NIDA nilianza kukihangaikia 2022, nikaenda mara nne ndipo nikapata namba.

Mdogo wake marehemu anasema tukachukue malori usiku tuyafiche Iringa. Pia ana rafiki mwenye stationery anayeweza kututengenezea muhtasari wa zamani, na muhuri wake, uonyeshe kwamba mume wangu alinihamishia zile hisa 50 kabla hajafa. Anasema moto unazimwa kwa moto. Mimi nataka kujua, nimpeleke Mbia polisi kwa kughushi? Au nimsikilize shemeji?

Mjane, Mafinga

*

Marahaba, mdogo wangu, na pole.

Nianze na shemeji yako, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Kwa yule mwenye stationery usiende, usimpigie, wala usimtumie hata nakala "aone tu mfano". Leo hii wewe ndiye mtu pekee kwenye mgogoro huu ambaye hajatengeneza karatasi. Siku utakapotengeneza ya kwako, wakili wa Mbia hatahitaji kujibu hoja yako hata moja. Atainua ule muhtasari wenu mbele ya jaji, na kuanzia dakika hiyo mtakaoshtakiwa ni ninyi. Kanuni ya Adhabu inatoa kifungo cha hadi miaka 7 kwa kughushi, na anayeitumia hati akijua kuwa ni ya uongo naye hana nafuu.

Malori nayo yaacheni yalipo. Si ya marehemu wala si ya kwako. Ni ya kampuni. Hili linawakera watu wengi, lakini ni sheria ya zamani sana. Mwaka 1897 mshona viatu mmoja wa London aitwaye Salomon aliambiwa na mahakama ya juu ya kwao kwamba yeye na kampuni yake ni watu wawili tofauti, hata kama karibu hisa zote zilikuwa mkononi mwake. Sheria yetu ya kampuni imejengwa juu ya msingi huohuo. Mkiyahamisha usiku, mmeiibia kampuni mnayosema ni yenu.

Sasa tuje kwenye saini. Nimesikia upande mmoja tu, Mbia hajaniandikia, kwa hiyo ninayosema yote yanategemea kwamba hukunificha kitu. Na nakushukuru hukunificha jambo gumu kuliko yote: zile karatasi tupu ulizosaini mkekani. Mwambie wakili wako hivyohivyo, siku ya kwanza, kabla hajaandika mstari.

Hebu fikiri. Unakwenda polisi, unasema saini si yangu, nimeghushiwa. Inatafutwa sampuli ya saini zako, inapelekwa kwa wataalamu wa maandishi. Baada ya miezi, majibu yanarudi: saini ni ya mlalamikaji. Utasimama wapi? Uliweka kesi nzima juu ya mguu mmoja, na mguu wenyewe ulijua ni mbovu.

Ndiyo maana nakuomba uache kuitazama ile S. Tazama kikao. Swali lako lisiwe "wino ni wa nani?" Liwe "je, Ijumaa ile watu watatu walikaa Dar es Salaam wakakubaliana?" Na hapo, mdogo wangu, barua yako mwenyewe ina jibu ambalo nadhani hukuliona. Unasema muhtasari wa Machi 2021 una namba yako ya NIDA, sahihi bila kosa. Halafu chini kabisa, ukilalamikia mambo mengine, unasema namba hiyo ulianza kuitafuta 2022.

Karatasi ya 2021 imeijuaje namba uliyoanza kuitafuta 2022?

Niliposoma hapo niliweka kikombe chini. Kama tarehe zako ni sawa, basi yaliyoandikwa kwenye karatasi ile yameandikwa baada ya wewe kupata namba, wakati mume wako, anayetajwa kuwa amehudhuria na kusaini, alikuwa ameshazikwa. Saini yake inaweza hata kuwa ya kweli, kutoka kwenye ile droo, kama yako inavyoweza kuwa ya kweli kutoka mkekani. Kikao ndicho hakiwezi kuwa cha kweli. Nenda NIDA uombe kwa maandishi uthibitisho wa tarehe uliyojiandikisha na tarehe namba ilipotoka. Namba, si kadi, kwa sababu kadi huchelewa na Mbia ataponyokea hapohapo. Na usimwambie mtu kwa nini unaitaka.

Kuna jambo ambalo hata askari wengine hulisahau. Sheria haihesabu kughushi kuwa ni kuiga mkono wa mtu tu. Hati inayojifanya kuwa kitu ambacho sicho ni hati ya uongo, na kuingiza maneno bila ruhusa kwenye karatasi inayoandaliwa ni kughushi vilevile. Aliyechukua karatasi yenye saini yako halali akaandika juu yake mauzo usiyoyajua hajaokolewa na uhalali wa saini.

Ila neno hilo "kughushi" ni zito, ulitumie kwa kipimo. Mwaka 1957 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kwenye kesi ya Ratilal Gordhanbhai Patel dhidi ya Lalji Makanji, ilisema kwamba anayedai udanganyifu kwenye kesi ya madai lazima athibitishe zaidi ya kipimo cha kawaida, hata kama si mpaka kusibaki shaka yoyote kama kwenye jinai. Majaji wetu wanaifuata mpaka leo. Kwa hiyo kwenye hati yako ya madai udanganyifu uwemo, lakini usisimame peke yake. Uwepo pia upande mwepesi kuthibitisha: sikupewa taarifa ya kikao, sikukubali kuuza, sikulipwa.

Milioni 20 taslimu! Mtu mwenye akaunti benki, anayemlipa shemeji yake mwenye akaunti benki, kwa noti mkononi. Inawezekana, watu wa mbao wanapenda noti. Lakini mauzo ya hisa yana mkia mrefu kuliko S yako. Hati ya kuhamisha hisa hulipiwa ushuru wa stempu. Muuzaji huhesabiwa kodi ya ongezeko la mtaji, na muuzaji kwenye karatasi hii ni wewe. Nenda TRA na TIN yako, uulize kama kuna malipo yoyote yaliyofanywa kwa jina lako. Kama hakuna, ulizeni uhamisho ulipitaje. Kama yapo, nani alilipa, lini, kwa simu ya nani? Hata ada za BRELA hulipwa kwa ile namba ya malipo ya serikali, na kila malipo huacha nyayo.

Na nyaraka zenyewe. Tangu BRELA waingie kwenye mfumo wa mtandao mwaka 2018, hati zinapakiwa. Wao wana picha. Karatasi yenye wino iko kwa aliyeipakia, au ndivyo atakavyosema. Mtaalamu wa maandishi hafanyi kazi ya maana kwenye picha ya picha. Wakili wako aombe mahakama imwamuru Mbia alete karatasi halisi, na ashindwe mwenyewe kueleza kwa nini imelala miaka mitatu na nusu kabla ya kupelekwa.

BRELA kwenyewe mwandikie Msajili barua ya malalamiko, uambatanishe ulichonacho, uombe mabadiliko mengine yasipokelewe kimyakimya. Usitegemee Msajili akurudishie hisa. Nani mwenye kampuni ni swali la mahakama.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukuniuliza, nami naliona kubwa kuliko saini. Hebu hesabu na mimi. Mbia alikuwa na 30. Akichukua 20 zako anafika 50. Zile 50 nyingine ni za marehemu, na marehemu hapigi kura. Tangu Julai 2021 nusu ya kampuni haina mdomo. Hakuwa na haja ya kugusa hisa za mume wako hata moja. Ilimtosha ninyi msifungue mirathi.

Kwa hiyo fungua mirathi. Hujachelewa kiasi cha kushindikana. Kwa mahakama za wilaya na Mahakama Kuu, ikipita miaka 3 tangu kifo maombi yanatakiwa yaeleze sababu ya kuchelewa, na wewe sababu unayo. Cheti cha kifo, kikao cha ukoo, majina ya warithi wote. Wote, mdogo wangu, na yule kijana wa miaka 19. Najua. Lakini ukimwacha nje, Mbia atamtafuta kabla hujamaliza kuandika maombi, atamlipia wakili, na pingamizi lake litakulaza mwaka mzima. Mwite wewe kwanza. Akikaa upande wenu, zile 50 zina kauli moja. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa ndiye atakayedai kuandikishwa kwenye rejista ya wanahisa kwa niaba ya marehemu, na Mbia hatakuwa tena anaongea na mjane aliyekaa mkekani.

Kesi yenyewe ya kampuni inakwenda Mahakama Kuu. Ipo Kanda ya Iringa, kilomita kama 80 kutoka hapo ulipo, kwa hiyo usikubali wakili akutoze nauli za Dar. Mambo ya kuomba ni mawili makubwa: rejista irekebishwe jina lako lirudi, na mahakama iangalie jinsi kampuni inavyoendeshwa kwa kuwaonea wanahisa wengine. Kwenye hili la pili jaji ana mkono mrefu. Anaweza hata kuamuru upande mmoja ununue hisa za mwingine kwa bei ya haki. Usishtaki kwa jina la kampuni. Mtabishana mwaka nani ameiruhusu kampuni ishtaki, na tangu kesi ya Bugerere Coffee Growers ya Uganda mwaka 1970, mawakili wa ukanda huu wanajua gharama ya kwenda mahakamani kwa jina la kampuni bila azimio. Shtaki kwa jina lako.

Wakati huohuo omba zuio la muda, asiuze mashine wala asikopee malori. Mahakama itapima mambo matatu ya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: kama kuna hoja ya kweli ya kusikilizwa, kama utapata hasara isiyofidika, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. Hapo nakuomba busara. Usiombe akaunti ifungwe yote. Vijana 14 watalala bila mshahara, na kama kampuni imepata kibali cha kuvuna msitu wa serikali wa Sao Hill, msimu hauwasubiri mnaogombana. Ukishinda baada ya miaka miwili utarudishiwa asilimia 20 ya kutu. Omba matumizi ya kawaida yaendelee, kwa hesabu zinazoonyeshwa kila mwezi, na kitu chochote kikubwa kisiuzwe. Benki nayo iandikie kwamba kuna mgogoro, kwa lugha ya utulivu.

Polisi? Nenda, ila ukiwa na barua ya NIDA mkononi na wakili pembeni. Ukishapata RB, ile namba ya taarifa yako polisi, na jalada likafunguliwa, kesi ni ya Jamhuri, si yako tena. Huwezi kuisukuma unavyotaka wala kuifuta mkipatana. Na hata Mbia akifungwa, hisa hazirudi zenyewe kwenye jina lako. Watu wengi hushangilia hukumu ya jinai, halafu wanagundua rejista bado inasoma vilevile.

Kuna swali utakaloulizwa na kila wakili mzuri, ujiandae: unataka kuiendesha kampuni, au unataka haki yako utoke? Huyu mtu alilipa jeneza na ada miaka mitatu. Sisemi umsamehe. Nasema wakikuita mezani, na watakuita siku barua ya NIDA itakapofika, ujue unachotaka kabla hujakaa kwenye kiti.

Usiku wa leo, watoto wakilala, andika unachokumbuka kuhusu kila karatasi uliyosaini: ilikuwa siku gani ya msiba, nani alikuwepo, ilikuwa na kichwa cha kampuni au nyeupe tupu, kalamu ya nani. Andika hata yasiyokupendeza.

Halafu lile kaunta buku. Lifungue ukurasa wa tarehe 12 Machi 2021. Kama Mbia alisaini kupakia lori Mafinga siku ambayo karatasi yake inamweka kikaoni Dar, piga picha ukurasa huo, na ule wa nyuma yake, na ule wa mbele, mpaka jalada la buku lionekane. Usichane, usiandike kitu pembeni, usipigie mstari. Mpelelezi akilitaka, alichukue kwa hati yenye saini yake na tarehe, nawe ubaki na nakala. Mpaka hapo likae kwa mtu asiye wa ukoo wenu, na shemeji yako asijue ni nani.